Mwanafunzi Anadhani Kujua Ni Nini?

Walimu wenzangu, wakufunzi na wazazi mliofika, naomba tuanze na hesabu moja. Basi la jeshi linabeba askari 36. Askari 1,128 wanapelekwa kambini kwa mazoezi. Yatahitajika mabasi mangapi?

Swali hili walipewa watoto wa miaka 13 nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika upimaji wa kitaifa wa hisabati. Karibu watoto saba katika kila kumi waligawanya bila kosa. Hata hivyo, asilimia 29 waliandika "mabasi 31, baki 12". Asilimia 18 waliandika 31, yaani askari 12 wameachwa wamesimama. Waliopata 32, jibu sahihi, walikuwa asilimia 23 tu.

Nawaomba mlitazame vizuri lile jibu la "31, baki 12". Mtoto aliyeliandika anajua kugawanya. Basi analijua, pengine hupanda kila siku. Anajua pia kwamba hakuna basi linaloitwa baki 12. Hajapungukiwa na maarifa hata kidogo. Alichonacho ni picha fulani ya maarifa yenyewe, kwamba hisabati ni hatua za kufuata, hatua zikiisha kazi imeisha, na mambo ya mabasi na askari hayamhusu. Kwa picha hiyo, jibu lake limekamilika.

Ufaransa kulikuwa na swali jingine, maarufu kwa watu wa fani yetu. Chomboni kuna kondoo 26 na mbuzi 10. Nahodha ana umri gani? Walioulizwa ni watoto 97 wa darasa la pili na la tatu, na 76 kati yao walitoa umri kwa kucheza na namba zile mbili. Tukiwacheka tutakuwa tumewaonea. Wamekaa darasani miaka miwili au mitatu wakajifunza jambo la kweli kabisa kuhusu darasa: swali la mwalimu lazima liwe na jibu, jibu ni moja, na kila kinachohitajika kulipata kimo ndani ya swali. Hakuna aliyewaambia hayo kwa mdomo. Tuliwafundisha kwa namna tunavyouliza.

Ninachotaka kusema leo ndicho hicho. Kila mwanafunzi anaingia darasani na dhana yake kuhusu maarifa ni kitu gani, yanatoka wapi, na mtu anajuaje kwamba amejua. Dhana hiyo ndiyo inayoamua atasomaje, ataacha lini, na atamwamini nani. Sehemu kubwa ya dhana hiyo imetoka kwetu: kwenye maswali yetu, saa yetu ya mtihani na kalamu yetu nyekundu.

Utafiti wa jambo hili si wa jana. William Perry wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza katika miaka ya 1950 kuwahoji wanafunzi mwaka hadi mwaka katika muda wao wa chuo, akachapisha matokeo mwaka 1970. Aliona kuwa wengi huanza wakiamini kuna sahihi na kosa tu, na kwamba kazi ya mwalimu ni kutoa kilicho sahihi. Baadaye, mwaka 1990, Marlene Schommer alionyesha kwamba imani hizi si kifurushi kimoja. Mtu anaweza kuamini kwamba maarifa ni vipande vilivyotengana, au kwamba hayabadiliki, au kwamba uwezo wa kujifunza mtu huzaliwa nao, au kwamba jambo likieleweka hueleweka mara moja, na asipolishika mara ya kwanza basi tena. Si lazima awe nazo zote.

Schommer aliwapa wanafunzi wa chuo makala ya kusoma ambayo aya ya mwisho ilikuwa imeondolewa, akawaomba waandike hitimisho. Walioamini kujifunza ni jambo la mara moja waliandika mahitimisho mepesi kupita kiasi, wakafanya vibaya katika jaribio, na juu ya hayo walijiona wameelewa vizuri kuliko walivyoelewa. Walioamini maarifa hayabadiliki waliandika mahitimisho ya mkato, "hivi ndivyo ilivyo", hata pale makala yenyewe iliposema ushahidi haujatosha.

Nitakaa zaidi kwenye hii imani ya haraka, kwa sababu ndiyo inayowaumiza wengi na ndiyo tunayoilisha kila siku bila kujua.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Alan Schoenfeld, mtafiti wa ufundishaji wa hisabati, aliwauliza wanafunzi wa sekondari: swali la kawaida la kazi ya nyumbani, kama umelielewa somo, litakuchukua muda gani? Wastani wa majibu ulikuwa kama dakika mbili. Akauliza tena: utahangaika na swali kwa muda gani kabla hujakubali kwamba halitatuliki? Wastani ukawa dakika 12. Basi fikirini. Mwanafunzi mwenye imani hii anapewa swali linalohitaji dakika 40 za kukuna kichwa. Dakika ya 13 anaweka kalamu chini. Ukimtazama kwa nje ni mvivu. Kwa ndani amefanya jambo la busara, maana kwa kadiri ajuavyo, swali lisilofunguka kwa dakika 12 ni swali lisilo la watu kama yeye.

Imani hiyo ameitoa wapi? Mtihani wa maswali 40 kwa dakika 60 unampa dakika moja na nusu kwa kila swali. Miaka yote amekutana na mitihani ya namna hiyo. Na darasani je? Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Ulikuwa kama sekunde moja, kisha mwalimu anarudia swali, anamtaja mwingine au anajibu mwenyewe. Tunawaambia watoto kuuliza si ujinga, halafu tunawapa sekunde moja ya kufikiri.

Rowe alipowafundisha walimu kusubiri sekunde tatu, majibu yalirefuka, waliojitokeza kujibu wakaongezeka, waliokaa kimya wakapungua, na wanafunzi wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe. Watu husahau kwamba Rowe alizungumzia subira mbili. Ya kwanza ni baada ya swali. Ya pili ni baada ya mwanafunzi kujibu, kabla ya mwalimu kusema "vizuri" au "hapana". Hii ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo yenye thamani zaidi kwa habari tunayoizungumzia. Ukinyamaza sekunde tatu baada ya jibu, mwanafunzi huendelea mwenyewe: "kwa sababu..." Ukisema "vizuri" papo hapo, umemfundisha kwamba uthibitisho wa jibu ni uso wa mwalimu.

Ukitaka kuanza, hesabu kimoyomoyo "moja, mbili, tatu" huku mikono umeiweka nyuma. Wiki ya kwanza ukimya utakuelemea. Tatizo litakalojitokeza ni wale watatu wanaonyoosha mkono kabla swali halijaisha, kwa kuwa wakishanyoosha wengine huacha kufikiri. Dawa yake ni kuwaambia darasa zima waandike jibu kwanza, hata mstari mmoja, na mkono usinyooshwe kabla ya dakika moja kupita.

Kisha, mara moja kila wiki mbili, wape swali moja refu, la siku tatu. Usikusanye jibu tu, kusanya na karatasi za kuhangaika. Katika alama 10, mimi ningetoa 3 kwa kujaribu njia mbili zinazotofautiana kweli, 3 kwa kueleza njia ya kwanza ilikwama wapi na kwa nini, 2 kwa jibu, na 2 kwa kulikagua jibu dhidi ya swali lenyewe, yaani kurudi kwa askari na mabasi na kuuliza kama linaingia akilini. Mkipunguza hizi 2 za mwisho mtakuwa mmeondoa moyo wa zoezi.

Nije kwenye usomaji wa usiku wa kuamkia mtihani. Mwanafunzi ana daftari, ana kalamu ya rangi, anasoma ukurasa ule ule mara ya tatu na ya nne, akipigia mstari karibu kila kitu. Tunamwambia asikariri. Ushauri huo haufiki, kwa sababu kwa dhana yake yeye hafanyi kosa lolote. Kama maarifa ni vipande vilivyo kwenye ukurasa, na kujua ni kuvihamishia kichwani, basi kusoma tena ni kuhamisha tena. Na kadiri maneno yanavyozoeleka machoni, ndivyo anavyoona yameingia.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili kwa uangalifu. Kundi moja lilisoma kifungu katika vipindi vinne mfululizo. Jingine lilikisoma katika kipindi kimoja, kisha likafunga maandishi na kujaribu kukumbuka mara tatu. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40 na waliojipima asilimia 61. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Hapo ndipo mtego ulipo: njia dhaifu ndiyo inayompa mtu raha ya kujiona anajua.

Kwa hiyo usimwambie tu mwanafunzi ajipime. Mfanye auone mwanya kwa macho yake. Dakika 10 za mwisho wa kipindi, asome ukurasa mmoja, akadirie kwa namba atakumbuka mambo mangapi kati ya 10, afunge daftari, aandike, kisha alinganishe. Rudia hivyo wiki inayofuata bila kusoma tena. Tofauti kati ya makadirio na ukweli itamfundisha kuliko mahubiri yetu. Tahadhari moja: makadirio yasipewe alama, wala yasisomwe mbele ya wenzake. Ukiyafanya ya hadharani, ataanza kukadiria kwa ajili ya heshima yake.

Kuna matokeo mengine ambayo kila mwalimu wa sayansi anapaswa kuyajua, ingawa yanauma. Mwaka 1998 Edward Redish na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wapatao 1,500 wa fizikia katika vyuo sita vya Marekani. Waliwauliza mwanzoni na mwishoni mwa muhula: fizikia ni mkusanyiko wa kanuni za kukumbuka, au ni mawazo machache yanayoshikamana? Je, inahusiana na dunia unayoiona nje ya maabara? Baada ya muhula wa kwanza mitazamo yao kwa jumla ilikuwa imeharibika kuliko walivyoingia. Mtu anaweza kufaulu somo na akatoka akiamini vibaya zaidi kuhusu somo lenyewe. Kwa maoni yangu sababu iko wazi ukiutazama muhula kwa jicho la mwanafunzi: kanuni mpya kila kipindi, karatasi ya kanuni mkononi, swali linalotatuliwa kwa kutafuta kanuni yenye herufi zile zile, na alama ziko kwenye namba ya mwisho. Mwenye bidii atajifunza mchezo huo haraka kuliko wengine.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana kuna walimu wazuri wanaoanguka huku. Wamesikia kwamba maarifa hubadilika, wakaamua kuwavunjia wanafunzi imani ya uhakika. Mfano wanaoupenda ni vidonda vya tumbo. Kwa miaka mingi madaktari walivihusisha na msongo wa mawazo na asidi. Kisha Barry Marshall na Robin Warren wa Australia wakaonyesha kwamba chanzo cha vingi ni bakteria, Helicobacter pylori, na mwaka 2005 wakapata Tuzo ya Nobel. Mfano mzuri. Lakini mwalimu akiishia hapo, mwanafunzi huondoka na fundisho jingine: "Kumbe wataalamu nao wanabahatisha. Basi kila mtu na maoni yake."

Deanna Kuhn, mwanasaikolojia, ameeleza vizuri vituo vitatu ambavyo mtu anaweza kuwapo katika kuyafikiria maarifa. Katika cha kwanza, kauli ni kweli au uongo, na mwenye kujua anajua. Katika cha pili, kila kauli ni maoni, na maoni yote ni sawa. Katika cha tatu, kauli ni hukumu inayopimwa kwa hoja na ushahidi, kwa hiyo watu wawili wanaweza kutofautiana na bado mmoja akawa na hoja nzito zaidi. Kituo cha pili ni cha hatari kwa sababu kinafanana na ukomavu. Mwanafunzi anaonekana mvumilivu, ana mawazo mapana, kumbe ameacha kupima chochote.

Ndiyo maana habari ya vidonda vya tumbo isimalizwe kabla ya kuuliza: ni nini kilichowafanya madaktari wengine wabadili mawazo? Hapo utaeleza kwamba bakteria huyo alioteshwa maabara, na kwamba wagonjwa waliotibiwa kwa antibiotiki walipona na vidonda havikurudi kama zamani. Mwanafunzi aone mawazo yakishindwa na ushahidi, asidhani ni fasheni imepita. Vilevile mdahalo wa darasani usifungwe kwa "pande zote zimetoa hoja nzuri". Waombe kila mmoja aandike sentensi mbili: hoja ipi ya upande wa pili ilikuwa na nguvu zaidi, na ushahidi gani ungemfanya yeye aache msimamo wake. Anayeandika "hakuna" umempata, mfuate kwa upole baada ya kipindi.

Katika historia zoezi ni jepesi zaidi. Sam Wineburg, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1991, aliwapa wanahistoria wanane na wanafunzi wanane wa sekondari hati zinazohusu mapigano ya Lexington ya mwaka 1775, yaliyoanzisha vita vya uhuru wa Marekani, wasome huku wakitamka wanachofikiri. Wanahistoria karibu kila mara walitazama kwanza nani ameandika, lini, na kwa nani. Wanafunzi wengi walianza mstari wa kwanza wakashuka hadi wa mwisho, kama vile karatasi haina mwenyewe. Basi fanya hivi: funika maandishi, onyesha jina la mwandishi, tarehe na aliyeandikiwa tu. Toa dakika mbili. Waandike wanatarajia mwandishi huyu atasema nini na ataficha nini. Ndipo ufunue. Zoezi hilo hilo linafaa kwa habari za mtandaoni.

Neno dogo kwa wanaoogopa kwamba tunataka kufuta kukumbuka. Hapana. Jedwali la kuzidisha likae kichwani. Alama za elementi zikae kichwani. Mengi yana uhakika wa kutosha kwa karne nyingi zijazo, na mwanafunzi anayesita kama dunia inazunguka jua hajakomaa, amechanganyikiwa. Na kwa anayeanza somo, usimwagie mabishano yote ya fani siku ya kwanza, maana hatapata pa kukanyaga.

Utazijuaje imani za wanafunzi wako? Dodoso peke yake litakudanganya, kwani wanafunzi ni hodari wa kujua mwalimu anataka kusikia nini. Uliza mambo yenye mwili: "Umejuaje kuwa umeelewa?" "Vitabu viwili vikitofautiana, unafanya nini?" "Mwenzako amepata jibu lako kwa njia nyingine, ni nani amekosea?" Kisha fungua daftari lake. Likiwa safi mno, tafuta alama za kifutio. Utaona pale karatasi ilipochujuka, imekuwa nyembamba, jibu sahihi limeandikwa juu ya kivuli cha jibu la kwanza. Mwanafunzi huyo amefuta safari na kubakiza kituo. Anaamini kwamba kosa ni uchafu. Mwambie kuanzia leo kosa likatwe kwa mstari mmoja unaosomeka, na pembeni aandike sababu kwa maneno yasiyozidi 10. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litakuwa chafu, na litakuwa na thamani.

Na sisi tujikague. Chukua mtihani wako wa mwisho, weka alama pembeni ya kila swali linalojibika kwa kukumbuka tu. Hesabu. Kama ni 18 kati ya 20, wanafunzi wako wameshajua unaamini maarifa ni nini, hata uhutubie vipi. Usiyabadili yote mara moja, watafeli na watakuchukia, na wazazi watakuja. Badili matatu. Kuwa macho na "eleza kwa maneno yako mwenyewe", kwa sababu tukitoa mfano wa maelezo ubaoni, muhula unaofuata mfano huo utarudi neno kwa neno kwenye karatasi 60. Badala yake, mpe mwanafunzi jibu lenye kosa lililoandikwa na mtu wa kubuni, aeleze mtu huyo amekosea wapi na kwa nini kosa hilo linavutia. Sehemu hiyo ya mwisho ni ngumu kuikariri.

Nirudi kwa nahodha. Katika kila maswali 10 ya mazoezi weka moja lisilojibika, na watangazie mapema kuwa limo, la sivyo watajiona wametegwa na hawatakuamini tena. Alama zote apewe atakayesema ni taarifa gani inakosekana na angeipata wapi. Siku za mwanzo watakuja mezani kwako mmoja mmoja kuuliza ni lipi. Usiwaambie. Waulize wamesoma maswali yote mara ngapi, na uwarudishe wakakae.